Damu Iliyorudi

Likombe, Mtwara

Mke wangu Mama Rehema,

Assalaam alaykum. Nakuulizia hali yako kwanza, na ya Rehema, na ya mama. Goti la mama linaendeleaje na mvua hizi? Rehema ameacha kukohoa? Mimi ukinikuta njiani utasema mzima, maana natembea, nakula na kazini naenda. Lakini si mzima, na ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kukupigia. Kwenye simu mama huwa pembeni yako, nawe unaweka sauti ya juu ili naye asikie. Haya yasome peke yako kwanza, umefunga mlango.

Nakojoa damu.

Nimeliandika hivyo hivyo kwa sababu nilijaribu kulizungusha nikaona kalamu haiendi. Lilianza msimu wa korosho ulipopamba moto, tunapakia magunia bandarini kutwa nzima. Nikaenda chooni, nikaona mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Hakuna maumivu, hakuna homa. Nikajiambia ni jua tu. Nikanywa maji mengi, ikakoma. Baada ya muda ikarudi, safari hii na mabonge.

Nilisimama mle chooni nimeshika ukuta, wenzangu wanagonga mlango, wananiita kwa mkoa wetu, "Oya, Tanga, umelala humo?" nami namwaga maji kuficha ule wekundu. Sikumwambia mtu. Mwanamume akisema anatoka damu huko, watu wana jibu lao tayari, kwamba amekwenda kwa wanawake. Niliogopa nawe utafikiri hivyo. Wallahi sijafanya jambo hilo.

Nikaenda zahanati. Wakapima mkojo, wakasema kichocho, wakanipa vidonge. Niliamini, maana utotoni kule Muheza tulikuwa tukiogelea madimbwini na kukojoa damu, hata hatukushtuka. Ikakata, ikarudi. Nikaenda tena, nikakuta daktari mwingine, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, nikachomwa sindano. Ikakata, ikarudi. Hapo ndipo hofu ilipoingia mwilini. Nikawa sitaki hata kunywa maji, ili nisikojoe, ili nisione. Nikienda chooni nafumba macho.

Aliyenibaini ni Bi Somoe, mama mwenye nyumba wangu. Aliona doa kwenye suruali niliyoianika.

"Baba, umeumia wapi?"

"Gunia lilinikwaruza, mama."

"Gunia halikwaruzi huko."

Nikamweleza yote. Hakunicheka, wala hakuniuliza nimetembea na nani. Akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa kila daktari akisema neno, anaitikia ndiyo, anatoka. Nikimuuliza kaambiwa nini, hajui. Wewe usiende hivyo. Nenda hospitali kubwa, uwaeleze tangu mwanzo, hata wakikununia. Na usinyanyuke kwenye kiti kama hujaelewa."

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini. Kwenye bajaji nilikuwa nikiyarudia maneno kimoyomoyo kama mwanafunzi wa madrasa, maana najijua. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipoingia, daktari, kijana aliyechoka, tayari alikuwa akiandika.

"Shida nini?"

"Nakojoa damu."

"Maumivu?"

"Hakuna."

"Nakuandikia dawa, ukimaliza urudi." Akanipa karatasi, akaita, "Mwingine!"

Miguu yangu ilinyanyuka yenyewe. Unanijua, mbele ya koti jeupe mimi ni mtu wa "sawa, asante". Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango nikawaza kwamba nikitoka sasa, sitarudi tena. Nikageuka nikakaa.

"Daktari, samahani. Dawa za kichocho nimekunywa, sindano nimechomwa. Damu inakata halafu inarudi, na ina mabonge. Naogopa. Ni kipimo gani ambacho bado sijafanyiwa?"

"Mzee, unaona watu walioko nje?"

"Nimewaona. Nilikuwa nao kwenye foleni tangu asubuhi."

Mikono niliibana katikati ya magoti. Nilidhani ataita mlinzi. Akaweka kalamu chini, akajifuta uso.

"Hilo la kurudi ndilo nilitakiwa kulijua," akasema taratibu. "Unavuta sigara? Utotoni uliwahi kuugua kichocho?"

Nikasema ndiyo kwa yote mawili. Akaichukua ile karatasi, akaandika nyingine ya ultrasaundi.

Nikalazwa kwenye kitanda cha kipimo, wakanipaka dawa ya baridi tumboni. Yule mpimaji alikuwa akizungumza na mwenzake habari za mpira, ghafla akanyamaza. Akawa anapitisha chombo cha kupimia mahali pale pale, anakwenda, anarudi. Siwezi kukueleza ule ukimya, Mama Rehema. Nilimtazama usoni nikitafuta habari, hakunipa.

Niliporudi na majibu, daktari alisema kuna uvimbe ndani ya kibofu.

"Ni kansa?" Neno lilinitoka kabla sijalizuia.

"Picha haiwezi kusema. Inabidi waingize kamera kupitia njia ya mkojo, wakate kinyama wakakipime. Inaweza kuwa, inaweza isiwe."

"Na nisipokwenda?"

"Kama ndiyo yenyewe, itakua huku wewe unabadilisha dawa."

Nilimwomba arudie yote polepole, akarudia. Kisha nikayasema mimi, yeye akasikiliza, na nilipokosea akanisahihisha. Ameniandikia rufaa, natakiwa Dar mwisho wa mwezi huu. Nilipokuwa natoka akaniuliza nimekuja na nani. Nikasema peke yangu. Akasema, "Huko usiende peke yako. Mtu mwenye hofu hasikii yote anayoambiwa."

Sasa nikwambie ukweli. Nimewaza kupanda basi, nipite Dar kama siijui, nije kwetu Muheza nilale tu nyumbani. Naogopa hiyo kamera. Naogopa jibu. Nikimsikia mtoto yeyote anaita baba hapa uani, nageuka nikidhani ni Rehema. Kila asubuhi naamka nimeamua kwenda, mchana nimeghairi, jioni nimeamua tena.

Kwa hiyo nakuomba tukutane Dar. Rehema alipopata degedege, wewe ndiye uliyemzuia yule muuguzi mlangoni mpaka mtoto akatazamwa, mimi nilikuwa nje nalia. Nataka ukae kiti cha pembeni yangu mbele ya daktari. Nikiitikia ndiyo bila kuelewa, uulize wewe. Wakisema wanikate, uulize wananikata wapi na kwa nini, na baadaye itakuwaje. Mimi nitasema ninachosikia mwilini, hilo najua nitaweza sasa.

Mama umwambie au usimwambie, nakuachia wewe unayekaa naye. Nisalimie kaka yangu mkubwa, na shangazi wa kule mashamba ya machungwa, na ustaadhi anayemsomesha Rehema, umwombe aniombee dua bila kutaja ugonjwa. Bi Somoe anakusalimu, anasema anataka kukuona. Mbusu mwanangu.

Najua utakasirika kwamba nimekaa na jambo hili miezi yote hii. Kasirika, una haki. Ila njoo ukasirike ukiwa pembeni yangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Rehema