Bunduki Fupi ya Marehemu Guyo

Isiolo, Alhamisi, Februari 1982

Leo upepo umetulia. Tangu Jumatatu ulikuwa ukipuliza vumbi hadi ndani ya sufuria, usiku mabati yakilia kama mtu anayebisha hodi. Leo kimya. Nimerudi kutoka kituo cha polisi, nimeoga, nimeswali adhuhuri, na sasa nimekaa mlangoni na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia. Mikono yangu inanuka mafuta ya cherehani.

Nataka kuyaandika ya wiki hii kabla midomo ya watu haijayapindisha zaidi.

Bunduki yenyewe ni fupi, na mgeni akiiona hudhani ni ya kuchezea. Guyo, marehemu mume wangu, aliipata kwa Mzungu mmoja mwindaji ambaye yeye alimfanyia kazi ya kufuata nyayo za wanyama. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, yule Mzungu alifunga kambi yake, na bunduki hii akamwachia Guyo. Walikwenda wote wawili polisi ikaandikishwa kihalali. Leseni ilisema ni ya kulinda mifugo, basi.

Inakula risasi za bastola, zile fupi nene. Mzungu alikuwa na bastola kiunoni iliyotumia risasi hizohizo, akawa anabeba mfuko mmoja kwa silaha mbili. Haipigi bega kwa nguvu, ndiyo maana hata mimi mwenye mwili mdogo naiweza. Lakini risasi ya bastola haiendi mbali. Inachoka njiani na kuanza kushuka. Guyo alikuwa akisema bunduki kubwa ni ya mtu mwenye haraka, na hii ni ya mtu anayejua kungoja.

Alinifundisha mwenyewe kule Leparua, kwenye korongo kavu, kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Aliniambia kabla ya kuangalia kopo niangalie kilicho nyuma ya kopo. Tulikuwa tukipiga risasi chache tu, maana kuzipata ni shida, kisha tunakaa chini ya mgunga na kuisafisha. Kwanza kuhakikisha haina kitu tumboni. Halafu kitambaa kikavu ndani ya mtutu, halafu kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, halafu kikavu tena. Ule mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, unaousukuma chini na kuurudisha ili risasi nyingine ipande, unataka mafuta kidogo sana. Ukizidisha, vumbi la huku kwetu linaganda na mkono unakwama katikati.

Nilipenda saa zile. Sikujua kwamba nilikuwa nikiandaliwa.

Guyo alipofariki kwa ugonjwa wa ini, bunduki ilirudishwa polisi. Eda ilipokwisha, ndugu yake Jattani alitaka kunirithi, kama ilivyo desturi yao. Nilikataa kwa heshima. Nina mshahara wangu wa ualimu, nina binti yangu Kabale aliye shule ya bweni, na nina mbuzi ambao Guyo aliniachia Leparua, pamoja na Akko, mama mzazi wa Guyo na Jattani, anayekaa na mbuzi hao. Nikaomba leseni kwa jina langu, nikapewa ya mwaka mmoja.

Jattani alimeza kukataliwa kwake, au nilidhani amemeza. Bunduki ndiyo iliyomkwama kooni. Mwezi uliopita, leseni ikikaribia kwisha, alikwenda polisi kuweka pingamizi. Alisema mbele ya watu sokoni, "Hii bunduki ni ya boma yetu. Mwanamke akiolewa kwingine, itaenda na yeye?" Inspekta akatuita wote wawili tufike leo.

Akko naye hakuwa upande wangu. Miaka ya vita vya shifta aliona ng'ombe wao wakimiminiwa risasi kisimani. Tangu hapo hataki chuma cha namna ile kilale chini ya paa lake. Kila Jumamosi nikifika Leparua nayo, ananipokea kwa maziwa na kuniambia niiweke mbali na kitanda chake.

Basi ndivyo tulivyokuwa Jumamosi iliyopita.

Ilikuwa asubuhi, mbuzi wakubwa wameshatoka kwenda malishoni na vijibwa vyote vimewafuata. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ya Akko napanga vyombo. Jattani alikuwa amekuja kutazama ngamia wake, na alikuwa nje anatengeneza ua wa miiba. Akko alikuwa upande wa pili wa boma, ameinama ndani ya kizizi cha wana-mbuzi, akifagia. Macho yake yameanza ukungu na masikio nayo si ya zamani.

Nilisikia Jattani akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Waraabesa." Fisi.

Fisi mchana kweupe. Nilitoka mlangoni na kumwona anaingia pale ua ulipokuwa wazi. Alitembea upandeupande kama mlevi, kichwa kimeinama, mate yananing'inia. Hakututazama. Fisi mzima humwogopa mtu aliyesimama. Huyu hakuwa na hofu, na mnyama wa porini asiye na hofu ni mgonjwa. Nilirudi ndani, nikachukua bunduki, nikaijaza. Nilipotoka tena, Jattani alikuwa amemkabili kwa mkuki.

Mkuki ulimpata begani lakini haukuingia. Fisi alimrukia na kumshika mkono wa kushoto chini ya kiwiko.

Nilikuwa nimeshaweka kitako begani. Nilimwona fisi vizuri. Nilimwona Jattani. Na nyuma yao, katika mstari uleule mmoja, niliona shuka nyekundu ya Akko ikiinuka na kuinama kati ya wana-mbuzi.

"Piga!" Jattani alisema. "Mama Kabale, piga!"

Sikupiga.

Nilianza kutembea kwenda kulia. Sikukimbia, kwa sababu anayekimbia hufika akiwa anahema, na mtutu huhema naye. Nilitembea kama mtu anayekwenda kisimani, bunduki begani, nikiuzunguka ua wa ndani hadi kizizi kikatoka nyuma yao na nikaona mchanga mtupu na kichuguu. Wakati wote huo fisi alikuwa anautikisa ule mkono. Jattani alikuwa amepiga magoti. Aliacha kuniita, akaanza kulia kwa Kiborana, akimwita baba yake aliyekufa.

Kwa kuwa risasi ni ya bastola, nilizidi kusogea. Nilifika karibu hata nikasikia harufu ya yule mnyama. Nilipiga nyuma ya bega. Fisi aliachia, akageuka kunitazama. Nilisukuma mkono wa chuma chini, nikaurudisha, haukukwama, nikapiga tena. Akaketi kama mbwa. Nikapiga ya tatu, akalala.

Baada ya hapo nakumbuka Akko akiuliza kutoka kizizini nani amevunja mtungi.

Niliufunua mkono wa Jattani nikauosha kwa sabuni na maji, tena na tena, kama tulivyofundishwa na bwana afya alipokuja shuleni. Aliniambia ninamuumiza. Niliendelea. Tulipata lori la mbuzi lililotoka mnada wa Oldonyiro, likatuleta mjini. Njiani, tukiwa tumebanana na dereva, Jattani alisema neno moja tu, bila kunitazama.

"Uliniona naliwa, ukazunguka."

Hospitalini daktari hakutaka hata kungoja majibu ya fisi. Alianza sindano za kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, zile za tumboni, moja kila siku. Bwana mifugo akaenda kuchukua kichwa cha fisi ili kipimwe. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia Jattani kwamba Akko alikuwa nyuma yake. Aligeuza uso ukutani. "Mama alikuwa na mbuzi mbali," alisema.

Akko mwenyewe hakuweza kunisaidia. Hakuona kitu. Nilipomuuliza alikuwa wapi, alisema, "Nilikuwa kazini."

Jumatatu shuleni walimu walikuwa wameshasikia. Mmoja aliniuliza kwa upole kama ni kweli nilimwacha shemeji ataabike kwanza. Muuza miraa wa pale kona, ambaye hata hatusalimiani, aliniambia nina roho ngumu. Nilipita zangu. Ningesema nini? Ushahidi wangu ulikuwa macho yangu mwenyewe.

Na sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Nilipokuwa nazunguka ule ua, nilikuwa na hasira naye. Maneno yake ya sokoni yalikuwa bado masikioni mwangu. Najua nilimwona Akko. Najua nisingeweza kupiga. Lakini tangu Jumamosi nimekuwa nikijiuliza kama miguu yangu ingekwenda upesi zaidi endapo mkono ule ungekuwa wa mtu mwingine. Nimelipima swali hilo kila upande. Sipati jibu la ndiyo, na la hapana silipati kwa uhakika ninaoutaka.

Usiku wa kuamkia leo niliisafisha bunduki ingawa nilikuwa nimeshaisafisha. Nilikuwa nimeamua kwamba inspekta akiniuliza kama nina uhakika na nafsi yangu, nitaiacha mezani kwake na kuondoka.

Asubuhi nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa nikaenda. Jattani alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Tulisalimiana salaam aleikum, nikakaa upande wa pili wa benchi. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye viatu vyake.

Inspekta ni mtu wa Machakos, mtaratibu. Aliniambia nimwonyeshe bunduki. Nilielekeza mtutu dirishani kusiko na mtu, nikaufungua mkono wa chuma, nikatazama chemba, nikaingiza kidole kuhakikisha, ndipo nikamkabidhi ikiwa wazi. Aliuchungulia mtutu kwenye mwanga kwa muda mrefu. Alikagua risasi zilizobaki na maganda matatu niliyoyaokota Leparua, akaridhika. Kisha akamgeukia Jattani.

"Bwana, wewe ndiye uliweka pingamizi. Na sasa nasikia kuna mambo ya fisi. Sema."

Jattani alisimama. Nilijiandaa.

"Jumamosi fisi alinishika," alisema. "Mimi niliita huyu shemeji apige. Yeye hakupiga, alizunguka. Mimi nilikuwa na uchungu sana juu ya hiyo. Nimesema vibaya kwa watu."

Inspekta aliandika.

"Jana, baada ya sindano, mimi nilirudi nyumbani Leparua. Damu yangu bado iko pale chini. Nilimwambia mama afanye kazi yake ya kufagia kama siku zote. Nikasimama mlango wa nyumba, pale shemeji alikuwa. Nikaangalia." Alinyoosha mkono mzima mbele yake, kama anayelenga, akaushusha. "Nikaona damu yangu, na nyuma yake mama. Mstari moja."

Nje askari mmoja alikuwa anafagia uwanja.

"Afande, hiyo bunduki ingekuwa kwa mkono yangu, ningepiga," Jattani alisema. "Ningepiga mara moja tu vile nilimwona fisi. Andika jina yake. Mimi sina neno."

Inspekta alinitazama. Huu ndio wakati niliokuwa nimejiandalia, wa kuiacha pale mezani. Aliniuliza swali moja tu, tena si lile nililoliogopa. Aliuliza kama bado nataka kuwa nayo.

Nikasema ndiyo.

Alitia sahihi na muhuri, akanirudishia. Akasema salamu kwa watoto wa shule.

Tulitoka pamoja. Tulipofika barabarani Jattani alisimama kuifunga kamba ya kiatu, akashindwa kwa mkono mmoja. Niliinama nikamfungia. Watu walikuwa wanapita, na yule muuza miraa alituona. Nilitaka kumwambia Jattani pale pale kuhusu hasira yangu, kwamba sijui miguu yangu ilikuwa inatii nini. Maneno yalifika mdomoni.

Alinitangulia. "Wewe pia ulikuwa na uchungu na mimi," alisema, akiangalia kiatu. "Mimi najua. Hata mimi ningekuwa na uchungu."

Kisha akaniuliza kama Kabale anakuja likizo ya Aprili, maana kuna mwana-ngamia amezaliwa na angependa amwone. Nikamwambia atakuja.

Sasa jua limehamia upande wa msikiti na chai imepoa. Swali langu halijaondoka, ila limepungua uzito, kama mzigo ambao mtu mwingine ameushika upande mmoja. Nimeamua nitaendelea kujiuliza. Mwenye bunduki asiyejiuliza ni hatari kuliko fisi.

Akko ametuma salamu na mtu wa maziwa. Anasema nimefanya vizuri, na anasema bado isilale karibu na kitanda chake.

Majibu ya kichwa cha fisi hayajafika. Daktari anasema yasitusumbue, dawa iendelee tu. Jattani hulalamika kwamba tumbo lake limekuwa gumu kama ngoma, na kwamba akikaa peke yake kwenye foleni anafikiria mengi.

Kesho asubuhi ana sindano nyingine. Nitakwenda naye kabla ya kengele ya shule.