Sijaingia Nyumba ya Mutiso

Jumatatu, 4 Agosti

Tunaenda mlimani. Sote. Mutiso anakuja kutuchukua Jumamosi na gari lake la watalii, tukaone Mlima Kenya kama wenye pesa zao.

Nimeandika hilo kwanza kabla ya kuandika kwamba nimeamka salama. Nimeamka salama. Nilikuwa nashona kola za mashati ya shule, simu ikalia. Nekesa. "Mama, keti chini." Nikamwambia nimeketi tangu saa kumi na mbili, nikisimama nani atashona.

Nekesa ni kifungua mimba wangu. Huu ni mwaka wa tatu yuko Nanyuki. Anaoka mikate kwenye hoteli ambako watalii hula kabla ya kupanda. Maana yake, hakuna mzungu anayefika kule juu bila mkono wa mtoto wangu. Hilo mtaa wetu wote wa Mbotela, hapa Nairobi, unajua, maana nimeuambia. Mutiso ndiye mume wake, Mkamba, dereva wa kuwapeleka hao watalii mpaka lango la msitu. Mwende ni binti yao, miaka miwili, na paji la uso ni langu.

Mama Kerubo wa mlango wa pili nilimwambia kabla sijakata uzi. Akafurahi. Kisha akauliza, "Na huyo Mutiso alikuja lini kwenu? Mbona sikuona wageni?" Nikakanyaga mashine ipige kelele, kama sikusikia.

Tangu hapo sina raha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeharibu kola mbili. Mawazo.

Ukweli niuandike hapa, hapa hapana anayesoma. Mutiso hajawahi kuja kwetu. Kuja kwenyewe, na wazee, kuomba. Walianza kukaa pamoja tu, njoo tukae, kama vijana wote wa siku hizi. Mwaka jana alimleta Nekesa na mtoto mpaka getini. Akanisalimia akitazama viatu vyake. Akageuza gari.

Na kwetu Bukusu mama haingii nyumba ya mwanamume ambaye hajaja kumwomba binti. Hali humo. Hata maji hanywi. Mama yangu alikataa uji wa Baba Nekesa mpaka siku wazee walipofika, na alikuwa ametembea tangu alfajiri. Sitakuwa mimi wa kuvunja.

Sasa Nekesa anasema, tukitoka mlimani tutaenda kwake kula. Ameshanunua mchele.

Nimemuuliza Baba Nekesa tufanyeje. Amefanya kazi kiwanda cha sabuni miaka thelathini na maneno yake huyakata kama miche. "Tunaenda kuona mlima. Hatuendi kuona nyumba." Akarudi kwenye redio.

Wanaume.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga mizigo mara tatu na kuifungua mara tatu. Sweta nne. Blanketi. Gambuti za Wekesa. Huyu ni kitinda mimba wangu, yuko nyumbani leo, kazi ya kibarua Industrial Area imekosekana. Akaona begi. "Mathe, unaenda mlimani ama unahamia?" Nikamwambia mimi nimezaliwa chini ya Masaba, huo mnaouita Elgon, baridi inanijua kwa jina. Akasema basi baridi ya Nanyuki haijatambulishwa.

Neno hilo la kutambulishwa lilinichoma. Hakujua.

Nimepika chapati thelathini na kuku wawili. Mpango wangu ni huu. Tule pale langoni pa msitu, tushibe kabisa. Tukifika kwa Nekesa niseme tumbo limejaa, nibaki nje nikipunga hewa. Hakuna atakayeumia.

Mama Kerubo amepita akaona sufuria. Binti yake alipoombwa, miaka miwili iliyopita, wakwe walikuja na magari matatu. Wazee wa kofia na bakora. Viti vilikodishwa, mstari mzima wa nyumba ukakaa nje kutazama. Alivyotembea wiki hiyo, ungedhani yeye ndiye aliyeolewa. Tangu siku ile nimemwambia Nekesa kwenye simu, si mara moja: wakwe zako wakija wawe wengi kuliko hao. Wakija wachache nafunga mlango.

Nilikuwa natania. Nusu natania.

Ijumaa, 8 Agosti

Silali vizuri. Mguu mmoja unataka kwenda, mwingine umeganda. Nimeosha madirisha ambayo ni masafi.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Mikono ilikataa. Leo kanisani wamenizunguka wote: mlima ukoje? Nikasema mzuri. Sikuongeza kitu. Wameshangaa, hawajazoea nikinyamaza.

Naandika yote sasa.

Mutiso alifika saa kumi na moja alfajiri. Hakuingia, alisimama getini. Mimi nikakaa kiti cha nyuma kabisa, maana hata kwao Ukambani mkwe na mama mkwe hawatazamani. Naye kabla ya kuwasha gari akakipindua kile kioo cha ndani kikatazama dari, asinione. Dereva mzima, Nairobi mpaka Nanyuki, kioo kinatazama dari. Wekesa akaninong'oneza, "Mathe, tukigongwa kutoka nyuma, wataandika tumeuawa na heshima." Nikamfinya. Lakini kusema kweli kijana alinipendeza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia njia nzima.

Sagana. Karatina, magunia ya viazi mpaka barabarani. Tulipofika Naro Moru mawingu yakafunguka, mlima ukatoka. Meno ya mawe meusi, na weupe katikati ya meno. Mutiso akasimamisha gari bila kuambiwa. Baba Nekesa akavua kofia, na kanisani huwa mpaka nimkumbushe mimi. Nikasema Masaba ni mpana zaidi. Ni mpana kweli. Ila midomo ilikuwa imenikauka. Kwa muda wa kuchemsha chai ya watu wawili tulitazama, kisha ukajifunika.

Nanyuki tukawachukua Nekesa na Mwende. Mtoto akapanda mapajani pangu kama hajaondoka hapo tangu mwaka jana. Tukapanda mpaka langoni pa msitu. Mianzi mirefu, ukungu unatembea ardhini kama moshi wa jikoni. Tumbili akanyakua chapati mkononi mwa Wekesa, na kelele alizopiga Wekesa, anayejiona mzee wa mtaa, watalii wamezipiga picha. Tulicheka. Mutiso alisimama mbali, kwenye boneti, akila paja lake la kuku akitugeuzia mgongo. Nikasema moyoni, siku nzuri.

Nikala. Nikala tena. Nekesa ananitazama. Chapati ya nne akaja karibu.

"Mama. Kwangu hutakula, sivyo?"

Nikamwambia nina njaa ya baridi. Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa.

Saa nane tukafika kwake. Mvua ikaanza tukiwa barabarani, ile nyembamba ya barafu, halafu ikawa nene. Nyumba ni ya mbao, imepakwa kijani, moshi unatoka. Dirishani mapazia ya maua. Yale niliyoyashona mimi mwenyewe nikayatuma kwa basi. Yamekaa vizuri. Nimeyaona kwa nje.

Wekesa akaingia, yeye ni ndugu, hana makosa. Baba Nekesa akasema anaenda kumsalimia jirani aone viazi vyake. Viazi, kwenye mvua. Alinikimbia. Mimi nikasema kichwa kinauma, nibaki garini kidogo.

Mlango wao ulikuwa wazi mbele yangu. Meza nikaiona. Sahani sita zimefunikwa, kitambaa cheupe. Mwende akasimama kizingitini, akaniita bibi kwa Kibukusu. "Kukhu, kuja." Nikasema nakuja. "Kukhu, kuja." Nakuja. Mtoto hajui uongo, aliendelea kungoja. Nekesa akambeba akaingia naye ndani, bila kunitazama.

Hapo nilijichukia. Nikamchukia na Mutiso, ambaye angeweza kumaliza haya yote kwa wazee wanne na siku moja ya Jumamosi. Nikamtafuta kwa macho nimchukie vizuri.

Alikuwa amesimama nyuma ya gari. Kwenye mvua. Mgongo kwangu, maji yanaingia kwenye kola. Nekesa akamwita dirishani, wewe ingia, utaugua. Akasema, "Siwezi kuingia na mama yuko nje."

Nikavumilia kidogo. Halafu nikagonga kioo nikamwambia aingie garini, mimi sikuja kuzika mtu. Akakaa kiti chake cha dereva. Kioo kikiwa bado kinatazama dari. Tukakaa hivyo, mimi nyuma, yeye mbele, mvua inapiga paa.

Akasema, "Mama, sina wazee."

Akaeleza akitazama mvua.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago kule Wamunyu, Ukambani, amefariki. Mama yake alitangulia. Wajomba na baba wadogo waligombania shamba, hakuna anayeongea na mwenzake, na yeye hakuna anayemwita. Amebaki na shangazi mmoja, Syombua, mguu mbaya. Na madereva wawili rafiki zake.

"Nekesa aliniambia wakija wachache utafunga mlango. Nikasema ningoje nipate watu. Lakini kila mwaka wanapungua."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma hali ya barabara.

Mdomo huu unaoweza kumuuzia fundi sindano yake mwenyewe ndio ulioharibu. Miaka mitatu. Nilikuwa nahesabu ni yeye anayetudharau. Na mlango niliufunga mimi, kwenye simu, nikicheka, kwa sababu ya kofia za wakwe wa Mama Kerubo.

Mwishowe nikamuuliza, "Huyo shangazi anakula nini?"

Akashika usukani. "Kila kitu, mama. Isipokuwa samaki."

"Samaki sitapika."

Basi. Akashuka akaenda kusimama chini ya paa la kuni. Nekesa akatoka na mwavuli, akaingia kukaa kando yangu. Alikuwa analia lakini hakutaka niseme analia. Sikuingia kwake. Mila ni mila, na sasa ndiyo nataka ifuatwe zaidi. Nikampa chapati yangu iliyopoa, akaila yote, tukitazama mlango wake pamoja.

Tulirudi kabla ya giza kutukuta mbali. Mutiso aliendesha kioo kikiwa bado kinatazama dari. Getini akasema tu, "Mlale salama, mama." Sikujua ni ndiyo au ni hapana.

Jumatatu, 11 Agosti

Hajapiga simu.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Kerubo: "Nyumba ya mtoto ikoje ndani?" Nikasema mapazia yamekaa vizuri. Akasubiri zaidi. Sikuwa na zaidi.

Simu iko kwenye mashine, naitazama kuliko sindano. Nimejidunga kidole.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna. Labda nilimwaibisha. Mtu amekuambia hana wazee, wewe unamuuliza habari za samaki. Ningesema karibu. Neno moja, karibu, kila mtoto wa darasa la kwanza analo.

Nimempigia Nekesa. Nimemwambia mlango wangu uko wazi hata Mutiso akija na mtu mmoja mwenye mguu mmoja. Akasema atamwambia. Nikauliza amesemaje. Akasema, "Mama, acha apumue." Mimi ndiye siwezi kupumua.

Baba Nekesa anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimemwambia aende akaone viazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya jambo gumu leo. Nimeenda kwa Mama Kerubo kwa miguu yangu, nikakaa. Nikamwambia Mutiso hajawahi kuja. Nikamwambia akija atakuja na watu watatu, na huyo mmoja ni shangazi mwenye mguu mbaya, na wengine ni madereva tu, si hata ukoo. Nilisema haraka, kama unavyong'oa jino.

Nilingoja acheke. Ana haki. Nimemtambia kwa mikate ya wazungu miaka mitatu.

Akasema, "Wanne? Hata sufuria yako kubwa haitajaa." Kisha akauliza mguu wa shangazi ni upi. Nikasema sijui. Akasema anacho kile kiti chake cha mgongo mrefu, kwenye makochi yetu mtu wa mguu hatainuka. Nitume Wekesa akichukue nikihitaji.

Nilitoka nje nikasahau kandambili zangu.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi baridi. Ibada fupi. Nimechemsha mahindi.

Mutiso alipiga saa tisa. Hakunipigia mimi, alimpigia Baba Nekesa, inavyostahili. Nilikuwa jikoni, nikazima stovu nisikie. Baba Nekesa alisema "ndiyo" mara tano na "karibuni" mara moja. Alisema karibuni.

Shangazi Syombua ameshatoka Wamunyu, anangoja kwao Nanyuki. Hao madereva wawili wameomba ruhusa kazini. Nekesa na Mwende watatangulia siku moja, binti aombwe akiwa kwao.

Sikodishi viti. Mbuzi Baba Nekesa ataangalia mwenyewe. Mimi nina mashati kumi na mawili ya kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, nimekata uzi wa la kwanza sasa hivi.

Wanakuja Jumamosi, tarehe thelathini, saa nne asubuhi.