Paka wa Mama Mkwe na Jicho la Binti Yangu

Mshauri wangu, nakuandikia mtoto akiwa amelala, nisaidie, mimi ni Mavzuna wa Panjakent, nimejifungua binti siku ishirini na tatu zilizopita na mboni ya jicho lake la kushoto ni nyeupe kama mtindi, nesi amesema ni mtoto wa jicho, apelekwe Dushanbe akapasuliwe kabla hajafikisha wiki sita, lakini mama mkwe hataki kusikia, anasema mtoto hatoki nje mpaka chilla iishe, siku arobaini kamili, basi amelazwa kwenye gahvora, kitanda chake cha kubembea, kafunikwa vitambaa saba, giza tupu, nami nikilalamika anacheka, "We mkwe, hujamwona paka wetu pale kwenye tanuri? Wanawe walizaliwa vipofu, nani aliwapasua?" na kweli, mshauri, siku ya kumi walifumbua macho, nikakaa nawatazama mpaka mkate ukaungua, sasa najiuliza, hivi jicho huendelea kutengenezwa baada ya kuzaliwa, na kama ndivyo, si litajimalizia lenyewe humo gizani? Mume wangu anasema tusubiri, arobaini inatangulia wiki sita, tutawahi.

Mavzuna, mwanangu, mkate umeungua lakini swali lako limeiva.

Ndiyo, jicho huzaliwa halijakamilika. Nyuma yake kuna utando wa seli za neva, na seli hizo, za mtu na za paka, huendelea kujipanga na kushikana kwa muda baada ya kuzaliwa. Hapo mama mkwe kapatia. Asichojua ni kwamba kazi hiyo inataka mwanga. Mzibe mtoto wa paka jicho moja majuma ya mwanzo, ubongo wake utaacha kulisikiliza, na ukilizibua baadaye umechelewa. Jicho la binti yako halingoji kufumbuka. Limeshafumbuka, limezibwa kwa ndani.

Na wewe nawe, uliona weupe ule ukarudisha vitambaa saba juu yake! Mumeo naye hesabu hajui: siku mbili zitakazobaki baada ya arobaini hazitoshi njia ya milimani, foleni na vipimo.

Usigombane na chilla, safiri nayo. Kisu na mkate mlivyomwekea chini ya mto wake kumkinga na mabaya viingie garini, na mama mkwe ndiye ampakate. Mwambie, "Mama, mlinzi wa chilla ni wewe, bila wewe siendi." Hatakataa. Nesi apige simu hospitali leo, ninyi muondoke kesho asubuhi. Baada ya upasuaji, wakikupa kiraka cha kuziba lile jicho lake zima la kulia ili la kushoto lilazimike kujifunza kuona, usimvue kwa huruma.

Siku ya arobaini mtaondoa vitambaa vyote ili wageni wamwone. Nataka naye awaone.