Mbaazi Tulizopika

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Masii hatujambo, na babu yako ameacha kukohoa. Unauliza kama uache kazi ya maabara ya kutafuta mbaazi zisizonyauka, kwa sababu mbaazi zako zimenyauka tena.

Nikiwa msichana, mnyauko uliua shamba letu lote, ukabaki mche mmoja. Kwa njaa, tukauchuma, tukapika. Kesho yake nikakuta ganda moja tulilosahau, nikalificha. Nilipanda mbegu zake, miche mingine ikafa. Mbegu za iliyopona nikazipanda tena, kila mwaka.

Nilichongoja msimu mzima kukijua, yaani mche upi utapona, wewe unakisoma kwa alama za vinasaba kwenye jani changa. Basi soma tena.

Nimekutumia kikombe cha mbegu zilezile. Usithubutu kuzipika.

Susu wako