Daftari Lililobaki Kanduyi

Kitale, 6 Mei 2024

Wifi Phelista,

Bwana asifiwe. Natumaini mko wazima huko Kanduyi na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi tumemaliza kupalilia. Mukhwana, ndugu yako, anakohoa kidogo lakini kazini anaenda.

Wifi, sitazunguka. Mwezi wa pili nilikupa daftari langu unichapie kwa kompyuta ya duka lako. Ni hilo moja tu, sina nakala. Ulisema wiki mbili. Nikipiga simu, mara wateja ni wengi, mara stima imepotea, mara utanipigia. Hunipigii. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Unajua nimeandika nini humo: mtoto wetu aliyezaliwa bila kulia. Unajua pia nimekwama sura ya tisa. Kila nikikaa na kalamu naona Mungu amenyamaza, na kitabu cha Mkristo hakiwezi kuishia kwa kimya. Mchungaji ananiuliza kila Jumapili, "Nabwile, kitabu kimefika wapi?" Nilidhani nikiona zile sura nane zimechapwa nitapata nguvu ya kumaliza.

Niambie ukweli. Kuna mtu mwingine amelisoma?

Wifi yako,
Nabwile


Kanduyi, Bungoma, 13 Mei 2024

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mgongo ni ule ule, nashukuru kwa kuuliza. Mwambie Mukhwana anywe tangawizi na aache kujifanya kijana.

Daftari liko salama. Nimelifungia kwa kabati na ufunguo ninao mimi tu. Hakuna mtu amelisoma. Kuchapa ni kazi ya polepole, na mwandiko wako, wifi, si unaujua.

Hayo ya kukwama, mwachie Bwana. Wasiwasi ni kukosa imani. Na usijisumbue kuja huku, mvua imeharibu njia. Nikimaliza nitalituma.

Wifi yako akupendaye,
Phelista


Kitale, 3 Juni 2024

Phelista,

Leo sina salamu.

Jumamosi nilienda sokoni. Karibu na mahali nanunua omena kulikuwa na msichana analia, amempoteza mtoto wiki iliyopita. Mama mmoja anayeitwa Dinah, wa Misikhu, akatoa karatasi kwa leso yake akaanza kumsomea: "Nilimfunga kwa shuka niliyomnunulia ya kubatiziwa. Niliikunja vizuri, kama mtu anayetarajia kuikunjua tena."

Hayo ni maneno yangu. Ukurasa wa nne. Niliacha samaki wangu kwa meza ya watu nikamsogelea.

Nikamuuliza, "Mama, hiyo umeitoa wapi?"

"Ah, hii? Huko kwetu Misikhu inazunguka. Ni ya mama mmoja wa Bungoma, Mungu amempa kipawa."

Akanionyesha. Juu imeandikwa kwa kalamu ya bluu: *Maneno ya Mama Phelista wa Kanduyi.*

Kumbe njia haikuharibika. Kumbe ulikuwa unaogopa nije nione. Nilikupa kidonda changu unishikie, wewe ukakivaa kama nguo yako. Na uongo wako umeufunika kwa jina la Bwana, ati wasiwasi ni kukosa imani. Tangu Jumamosi sijaandika hata neno. Hata kuomba naona kama kuna mtu nyuma yangu ananakili.

Mukhwana sijamwambia. Nikimwambia atakuja huko, na hatakuja kunywa chai.

Nataka daftari langu.

Nabwile


Kanduyi, Bungoma, 15 Julai 2024

Nabwile,

Sijui kama utafungua hii bahasha. Nimeandika barua nne nikachoma zote.

Nilikudanganya. Hilo kabati halina hata kitasa.

Nilianza kuchapa wiki ile ile uliyoniachia. Nilipofika kwa hiyo shuka, mikono ikakataa. Mwaka wa tisini na saba, kabla sijaolewa, nilizaa mtoto wa kike. Aliishi mpaka saa nne asubuhi. Mama alisema tusilitaje hilo jambo, hatukulitaja. Hata Mukhwana hajui. Ukiona nakuambia Mungu atatenda, mwachie Bwana, ni kwa sababu sijui maneno mengine. Wewe ulikuwa nayo.

Halafu mwezi wa tatu Hasina, jirani yangu anayeshona nguo mlango wa pili, akamzika mtoto wake. Alikuja akaketi kwa duka langu. Chai hakutaka, pole hakutaka. Nikafungua daftari lako nikamsomea huo ukurasa.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. "Nani ameandika?"

Nilikuwa nimekuahidi siri, kwa hivyo nikasema ni mtu tu. Akanakili kwa mkono, akampa dada yake, dada yake akampa mwingine. Jina langu waliliweka kwa sababu karatasi ilitoka dukani kwangu. Sikujiita mwandishi. Lakini walipoanza kuniita hivyo, Nabwile, sikukataa. Hiyo ndiyo dhambi yangu, siifichi tena.

Siku hizi wanakuja kila Alhamisi, wanawake saba, nawasomea daftari lako. Wiki jana nimewaambia ukweli, kwamba mwenye maneno ni wifi yangu Nabwile wa Kitale. Kisha Hasina, ambaye hata kanisani hajawahi kuingia, akauliza, "Sura ya nane inaisha amelala chini anaangalia ukuta. Aliamkaje?"

Nilimwambia nitakuuliza wewe. Daftari ndilo hilo nimelifunga kwa nailoni. Sikuchapa zaidi ya kurasa tatu.

Phelista


Kitale, 22 Julai 2024

Wifi Phelista,

Daftari limefika. Hakuna ukurasa uliopotea. Ule wa nne umechafuka kwa vidole vya watu, nikaukasirikia, kisha nikakaa nao kwa mapaja muda mrefu.

Bado nina hasira. Simu yako sitaishika kwa sasa, usinilazimishe. Lakini swali la Hasina limenikalia siku nne.

Wifi, nilikwama kwa sababu nilitaka kuandika kwamba nilisikia sauti ya Mungu. Kanisani wanaitarajia hiyo sauti. Sikuisikia. Siku ile ng'ombe alikuwa analia nje kwa sababu kutoka jana yake hakuna mtu alikuwa amemkamua, na maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe. Niliamka kwa sababu yeye alikuwa anaumia. Sikuomba. Niliegemeza kichwa kwa ubavu wake, ulikuwa na joto, nikakamua. Ndoo ikiwa nusu nikajisikia nasema "Baba yetu uliye mbinguni." Sikufika amina. Niliishia kwa mkate wetu wa kila siku.

Hiyo ndiyo sura ya tisa. Ni kurasa mbili na nusu tu, ziko ndani ya bahasha hii. Safari hii nakala nimebaki nayo. Wasomee Alhamisi, na kabla hujaanza taja jina langu.

Na huyo binti yako wa saa nne asubuhi. Kama ulimpa jina, niandikie.

Wifi yako,
Nabwile