Faili la Printa Tuliyokwisha Kuiuza

Kaka Masanja,

Mwangaluka. Najua hutajibu, lakini nitaanzaje bila salamu, na wewe hukuwahi kunipa ufunguo wa duka kabla sijakuamkia?

Intaneti kafe yetu hapa Bariadi bado ipo. Laini ya dishi inajikokota vilevile, na ile kompyuta ya kona uliyoiita ghala inaendelea na kazi yake: faili likishavutwa mara moja linabaki humo, na mwingine akiliomba analipata hapohapo. Kompyuta mbili zilizokuwa hazitaki kupitia ghalani nimezilazimisha, kila moja kwa njia yake, kama ulivyonionyesha. Ungenicheka nilivyotoka jasho.

Wanunuzi binafsi wa pamba wanaokuja kuangalia bei mtandaoni nao wamezidi. Unamkumbuka yule wa Ngulyati, ghala lilipompa bei ya juzi? Alifoka mpaka watu wakaja kuchungulia dirishani. Ukamwambia, "Pole mzee, bei yetu imechacha," na jioni ukaiamuru mashine isihifadhi tena bei ya pamba. Siku hizi nikikumbuka huanza kucheka vizuri tu, halafu sijui inakuwaje.

Sasa nikwambie ninachofanya. Unajua ghala likijaa hutupa kilichokaa muda mrefu bila kuombwa. Faili lako la mwisho ni ile programu ya printa, uliyoihangaikia wiki nzima laini ikikatika. Ilimaliza kushuka siku uliyolazwa hospitali, nawe hukurudi tena. Printa yenyewe tumeshaiuza. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, naliomba faili hilo ili mashine isilitupe. Nakukosa, kaka. Ndiyo sababu, sina nyingine.

Diski ya ghala imeanza kukwaruza. Fundi wa Mwanza analeta mpya kesho, akaniuliza kwenye simu kama kuna cha kuhamisha. Nikasema hakuna, aanze na tupu.

Leo nimeliomba mara ya mwisho. Likaja kabla sijainua kidole. Nilitamani ungekuwa wewe.

Pumzika, kaka yangu. Kesho asubuhi sitakuwa na faili la kuomba. Nitafungua mlango tu, wateja waingie. Nakuahidi nitafungua.

Mdogo wako,
Kabula