Inshallah ya Bi Saumu

Mama yangu mpenzi,

Siku nilipokwambia nimepata kazi ya kuitwa mwenye bidhaa, ulicheka mpaka leso ikakudondoka. "Mwenye bidhaa bila kikapu?" ukaniuliza. Nikakueleza kuwa kuna vijana wanne wanaounda programu ya simu, na mimi ndiye ninayewasikiliza watakaoitumia, kisha naamua kipi kiundwe kwanza na kipi kiachwe. Ukasema basi hata wewe ulikuwa na cheo hicho sokoni Kongowea miaka yote, ila hukupewa ofisi.

Sasa hupo wa kunicheka, na mimi nimeboronga.

Programu yenyewe ni ya kuwajulisha wachuuzi malori ya bara yakifika. Nilipeleka michoro yake kwenye safu yenu ya meza, nikamwonyesha Bi Saumu, jirani yako wa meza, na wenzake. Nikauliza kama wataitumia. Wakanipa machungwa, wakasema, "Inshallah, mwanangu." Nami, niliyelelewa Utange kwa neno hilo hilo, nikaandika: wamekubali. Vijana wakaiunda kwa wiki tatu.

Jana nilirudi. Simu ya Bi Saumu ilikuwa kibindoni. Lori lilipoingia, hamali alimwambia kabla injini haijazimwa, kama ulivyokuwa ukiambiwa wewe. Nilipomuuliza, akasema kitu chenu kizuri, wallahi. Hakutaka kunivunja moyo.

Nakumbuka wanawake waliobonyeza maembe yako wakasema inshallah watarudi. Hukuwawekea hata moja. Uliyemwekea ni yule aliyekuachia kikapu chake. Nilikuwa nimekaa pale juu ya gunia nikiyaona yote, Mama. Nimesahauje?

Asubuhi hii Mutua, kiongozi wa vijana, mtu wa bara, amenipigia. "Jumatatu tunaizindua, ama?" Mkewe amejifungua juzi, na bado hakuiacha kazi yangu. Nikashindwa kumwambia kuwa hakuna atakayeifungua. Nikasema inshallah. Akashukuru, akawatangazia wenzake kuwa nimekubali.

Tangu hapo sikai. Nimechemsha chai nikaiacha ipoe, nimeshika simu nikaiweka, nimefagia chumba kilichokuwa kimefagiwa. Naona haya, na nakukumbuka sana. Ulikuwa ukimpokonya mteja embe mkononi ukamwambia, "Hili halijaiva, mama, njoo kesho." Aliondoka amenuna, na kesho yake alikuja.

Basi nampigia Mutua sasa hivi. Nitamwambia halijaiva, anune. Halafu nitakishusha kikapu chako pale juu ya kabati niende Kongowea, nimuulize Bi Saumu ni kitu gani kinachomsumbua tangu alfajiri hadi anapofunga meza, nisimtajie simu kabisa. Nikiondoka nitakiacha kikapu kwake, ajue nitarudi.

Mola akulaze pema.

Mwanao, mwenye kikapu